Gunia Lililoloa Dirishani

Kompyuta ililetwa shuleni kwetu Garissa katikati ya miaka ya tisini, nyuma ya pikapu, imefungwa ndani ya blanketi la kijivu. Shirika moja la misaada lililokuwa likifanya kazi kambini Dadaab lilikuwa limepata mashine mpya, na hii ya zamani likaamua kuigawa. Ilikuja na kioo chake chenye maandishi ya kijani, kibodi iliyokosa kitufe kimoja, na printa ya utepe iliyolia kama cherehani. Mchanga ulikuwa umeingia kila mahali. Nilipoifungua ili niipulize, nilichota ndani yake mchanga wa kujaza kijiko cha chai.

Mimi nilikuwa fundi wa maabara katika shule hiyo ya wasichana. Wanafunzi waliniita mwalimu, lakini sikuwa mwalimu. Niliacha shule nikiwa kidato cha pili, huko kwetu, sehemu za chini za Mto Tana, na kazi yangu ya kwanza maabarani ilikuwa kuosha chupa. Mengine niliyoyajua niliyapata kwa kusoma vitabu vya maelekezo ukurasa baada ya ukurasa na kuandika daftarini kila nilichojaribu, kilichofaulu na kisichofaulu. Nilipofika umri wa miaka arobaini na mitatu nilikuwa na madaftari kumi na moja. Kitabu cha kompyuta, kilichokuja ndani ya blanketi lile lile, nilikisoma mara mbili kabla ya kuthubutu kuiwasha.

Watu wawili tuliitaka mashine hiyo. Wa pili alikuwa karani wa ofisi, msichana wa hapo hapo mjini ambaye baba yake alikuwa akiuza mbuzi sokoni. Alikuwa na sababu nzuri kuliko zote. Kila muhula alipiga chapa mitihani ya shule nzima kwenye karatasi za stensili, zile za nta zinazotobolewa herufi ili wino upite, na kosa moja lilimlazimu kulipaka dawa, kulipuliza likauke, na kupiga upya. Printa ile, ikitolewa utepe, ingeweza kutoboa stensili yenyewe. Aliniambia hayo siku ya kwanza, akiwa amesimama mlangoni mwa maabara na faili kifuani.

Aliniita abti, yaani mjomba, kama walivyofanya vijana wengi wa hapo kwa mwanamume wa rika langu. "Abti, hiyo itakuja kwangu tu. Wewe utaifanyia nini? Utapima mkojo wa ngamia?"

Nilimjibu kwamba nitapima joto. Akacheka, akaenda zake.

Sababu yangu ilikuwa hii. Tulikuwa na pimajoto nne kwa darasa la wasichana arobaini. Katika kila jaribio, wanne walisoma na wengine waliambiwa. Mbaya zaidi, walikuwa wamezoea kuandika kile ambacho kitabu kilisema kingetokea. Kama kitabu kilisema mstari unashuka na kisha unatulia, basi madaftari arobaini yalikuwa na mstari unaoshuka na kutulia, hata siku ambayo taa ya spiriti ilizimika katikati ya somo. Niliamini kwamba darasa zima likiona namba ile ile ikijiandika kwenye kioo kila nusu dakika, hakuna mtu ambaye angeweza kuipika.

Mwalimu mkuu, mama wa makamo kutoka bara, alitusikiliza sote wawili kisha akaamua. Mashine ingekaa maabarani muhula mmoja. Mwisho wa muhula mwenyekiti wa halmashauri ya shule angekuja kuona. Ikiwa ingekuwa inafundisha sayansi kweli, ingebaki. Ikiwa ingekuwa pambo, ingehamia ofisini siku hiyo hiyo.

"Nataka kuona wasichana wakiitumia," aliniambia. "Sitaki kukuona wewe ukiitumia."

Kupima joto kwa kompyuta hakukuhitaji vitu vingi. Nyuma ya mashine kulikuwa na tundu la kuunganishia usukani wa michezo. Kitabu kilieleza kwamba tundu hilo husoma tu ugumu wa umeme kupita katika waya, na kwamba amri moja ya lugha ya BASIC huleta namba hiyo kwenye kioo. Nilinunua Nairobi, katika duka la vipuri vya redio, vidude viwili vidogo kama punje za mtama, kila kimoja na miguu miwili ya waya. Kidude cha aina hiyo kikipata joto, umeme hupita ndani yake kwa urahisi zaidi. Niliviunganisha na waya wa simu wa mita nane, nikavitia ndani ya maganda ya kalamu zilizokwisha wino, nikaziba kwa solesheni ya kuzibia mipira ya baiskeli. Programu yenyewe ilikuwa na mistari thelathini na sita. Niliiandika kwanza kwa penseli.

Ilifanya kazi. Lakini ilifanya kazi asubuhi tu. Ilipokaribia saa tano, jua likiwa limeshika mabati, namba ziliganda, kioo kikabaki vile vile, na hakuna kitufe kilichosaidia. Niliizima, nikasubiri hadi jioni ikapoa, nikaiwasha tena. Kesho yake ikaganda saa tano kasorobo. Nilisafisha feni. Nilitoa kifuniko. Niliihamisha mbali na ukuta wa magharibi. Kwa siku tisa niliandika saa iliyoganda na joto la chumba, na kila mara lilikuwa limepita digrii thelathini na tano. Vipindi vya fizikia vya kidato cha tatu vilikuwa saa tano na nusu. Hapo ndipo nilipoona kwamba ningeikosa mashine kwa sababu ya ratiba na mabati.

Mfagizi wa maabara alikuwa mama mtu mzima tuliyemwita edo, maana yake shangazi. Alizaliwa malishoni upande wa Bura, akafiwa na mume, akahamia mjini na binti zake. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni na kilimtosha. Aliniona jinsi nilivyokuwa nikiishika mashine kwa kiganja kila baada ya muda, akauliza ina nini. Nilimwambia kwamba inazidiwa na joto. Sikueleza zaidi. Hilo ndilo kosa langu la kwanza katika habari hii, na niliandika daftarini kuwa ni langu.

Siku iliyofuata mashine iliganda kama kawaida. Niliizima nikaenda kuswali adhuhuri. Niliporudi, edo alikuwa ameketi kando yake juu ya ndoo iliyofunikwa, ametulia, kama mtu aliyemaliza kazi nzuri. Mashine yote ilikuwa imefungwa ndani ya gunia la katani lililoloa chepechepe, na gunia limeshonwa ubavuni kwa sindano na uzi. Maji yalikuwa yakidondoka kutoka ukingo wa meza.

Watu wa malisho hufanya hivyo kwa mtungi wa maji. Huvisha mtungi gunia lililoloa, hulishona, na huuning'iniza mahali pa upepo au ubavuni mwa lori. Ifikapo alasiri maji ya ndani huwa baridi kuliko kitu chochote kilichoko karibu. Mashine yenye homa, alikuwa ameipa dawa anayoijua.

"Nimebatia yeye maji," alisema, kila p kinywani mwake ikitoka b. "Gunia ikilowa, kitu ya ndani inabata baridi. Ngoja alasiri utaona."

Sikupaza sauti. Nilichomoa waya wa ukutani kwanza, kisha nikakata uzi kwa wembe. Maji yalikuwa yameingia kwenye matundu ya juu. Edo aliutazama uso wangu, akaelewa kabla sijasema neno, akajifunika kinywa kwa shela. Nilimwambia kwamba kilichomo ndani ya mtungi ni maji, na maji hayadhuriki na maji; kilichomo ndani ya mashine ni umeme. Akasema kwamba mimi sikumwambia hivyo. Ilikuwa kweli.

Niliifungua yote. Nilipanga vipande juu ya kitambaa safi, nikachora mahali pa kila skrubu, nikavifunika kwa chandarua vumbi lisiingie, nikaviacha barazani. Hewa ya Garissa hukausha shuka kabla hujamaliza kuanika la pili, lakini nilisubiri siku tatu kamili. Siku hizo tatu karani alipita barazani mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

"Abti, umeiosha," alisema. "Sasa umeianika. Kesho utaipiga pasi?"

Mwalimu mkuu hakutania. Alikuja, akavitazama vipande vilivyolala chini ya chandarua, akauliza kama itawaka. Nilimwambia kwamba sijui. Akaniambia kwamba zimebaki wiki tatu, na kwamba isipowaka ataandika barua ya kueleza, na barua hiyo itakuwa na jina langu. Kuhusu edo hakuuliza, na mimi sikumtaja.

Katika siku hizo za kungoja, nilikaa barazani na lile gunia. Bado lilikuwa na unyevu kidogo. Niliingiza pimajoto katikati ya mikunjo yake, nikaning'iniza nyingine ukutani. Ukutani digrii thelathini na sita. Kwenye gunia ishirini na saba. Niliandika, nikalilowesha tena, nikasoma tena. Ishirini na sita na nusu. Edo alikuwa sahihi kuhusu gunia. Alikosea mahali pa kulivika. Maabara ilikuwa na madirisha mawili upande wa kusini, upande ambao upepo ulitoka miezi ile, na hayakuwa na vioo, waya wa mbu tu.

Nilimwita nikamweleza ninachotaka. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwamba dirisha moja linahitaji magunia mawili yaliyoshonwa pamoja, na kwamba magunia ya sukari hayafai kwa sababu yamefumwa kwa plastiki. Alijua duka lenye ya katani. Alishona mapazia mawili kwa siku moja.

Shida ilikuwa maji. Bomba la shule lilitoa maji ya mto kwa saa chache, na kuna siku halikutoa kabisa. Kumwagia dirisha maji wakati wasichana wanapanga foleni na ndoo kungekuwa aibu. Tulikubaliana na mpishi kwamba maji yaliyooshea mchele na mboga yaletwe kwetu badala ya kumwagwa. Edo aliyachuja kwa kitambaa. Kwa wiki ya kwanza maabara ilinuka kama sufuria.

Siku ya nne niliiunganisha mashine, nikamwambia edo asimame mlangoni. Ikawaka. Nilirudisha programu kutoka kwenye disketi, nikaning'iniza kidude kimoja barazani na kingine ndani, karibu na dirisha. Saa tano ikapita. Saa sita ikapita. Ilipofika saa saba kasorobo namba zilikuwa bado zikijiandika. Nje arobaini na mbili. Ndani, kwenye upepo wa gunia, ishirini na tisa. Tofauti ya digrii kumi na tatu. Niliziandika namba hizo kwa wino mwekundu, jambo ambalo silifanyi ovyo.

Wiki iliyofuata nilikabidhi jaribio lote kwa kidato cha tatu. Mwalimu wao wa fizikia, aliyefundisha madarasa mengi kuliko alivyoweza, alifurahi kuniachia. Niliwagawa katika makundi: wa kulowesha, wa kusoma kioo, wa kuchora mstari kwa mkono, na wa kusoma pimajoto ya kawaida. Waliuliza maswali ambayo sikuwahi kusikia katika chumba kile. Mmoja alitaka kujua kwa nini gunia lisipopigwa na upepo halipoi sana. Mwingine alisema nyanya yake hufunga mtungi kwa ngozi yenye manyoya, je, ngozi ingeshinda katani? Tukajaribu. Haikushinda.

Ilikuwa katika wiki hiyo ambapo msichana mmoja, mpole, mtoto wa wafugaji wa Sangailu, alibaki nyuma baada ya kipindi. Kundi lake lilikuwa limetumbukiza kidude ndani ya bilauri ya maji iliyokaa barazani tangu asubuhi, na kioo kilionyesha arobaini na mbili. Alikuwa ameinua mkono kuuliza, kisha akaushusha.

"Mwalimu, naomba utie kidole ndani ya haya maji."

Nilitia. Hayakuwa na joto, wala hayakuwa baridi.

"Mwili wetu ni thelathini na saba," alisema. "Tulisoma kwenye biolojia. Kama maji ni arobaini na mbili, si yangenichoma kidogo? Haya siyasikii hata."

Nilikaa juu ya stuli. Nilijua papo hapo nilipokosea, kwa sababu nilikuwa na ukurasa wake daftarini. Ili namba za mashine ziwe digrii, nilikuwa nimechukua vipimo viwili tu: maji ya asubuhi ya digrii ishirini na sita, na maji ya chai ya digrii sitini. Kati ya vipimo hivyo nilichora mstari ulionyooka. Lakini vidude vile havibadiliki kwa mstari ulionyooka. Hubadilika haraka mwanzoni kisha polepole, na kadiri unavyoelekea katikati ya vipimo viwili, ndivyo uongo unavyokuwa mkubwa. Pimajoto ya ukutani ilikuwa ikisema thelathini na sita siku zote hizo. Kundi la pimajoto liliandika thelathini na sita, na mimi nilikuwa nimepita na kuwaambia wasome tena vizuri.

Hilo ndilo lililoniuma. Nilikuwa nimeleta mashine ili mtu asipike namba, na mimi nilikuwa nimewapa wasichana arobaini namba iliyonipendeza. Digrii kumi na tatu zilikuwa zimeniingia moyoni. Mwenyekiti alikuwa akija baada ya siku sita, na tofauti hiyo kubwa ndiyo niliyokuwa nimepanga kumwonyesha.

Nilifikiri juu ya hilo kwa muda wa kusafisha meza moja, si zaidi. Kesho yake nilisimama mbele ya kidato cha tatu nikawaambia kwamba programu yangu ina kosa, nikaeleza kosa lenyewe, na nikamtaja aliyeligundua. Kisha mmoja akauliza kama wafute madaftari yao. Niliwaambia wasifute kitu. Wapige mstari mmoja juu ya kila namba, ili iliyo chini iendelee kusomeka.

Tulipima upya. Safari hii vipimo kumi na vinne, kila digrii tatu, kuanzia maji yaliyopoozwa kwa barafu ya muuza soda hadi maji ya moto. Msichana wa Sangailu aliita namba, mwenzake akaziandika, na jedwali lao ndilo nililoliingiza kwenye programu badala ya mstari wangu. Ilichukua siku mbili. Nje sasa ilisoma thelathini na sita, sawa na ukutani. Ndani, mbele ya gunia, ishirini na nane. Katikati ya chumba, mashine ilipokaa, thelathini na moja. Tofauti ya tano tu. Lakini tano hizo zilitosha. Mashine haikuganda tena hata siku moja.

Siku ya ukaguzi mwenyekiti alifika kwenye saa sita na nusu, saa ambayo hakuna mtu wa Garissa anayetoka nje kwa hiari yake. Alikuwa mfanyabiashara wa mifugo, mwenye kofia ya kushonwa na fimbo nyembamba. Alifuatana na mwalimu mkuu, na nyuma yao akaja karani akiwa na rimu ya stensili mikononi, kwa sababu alikuwa ameambiwa ajiandae.

Mimi nilisimama nyuma karibu na kabati, kama nilivyoagizwa. Wasichana walifanya kila kitu. Walieleza gunia, upepo na mvuke. Walionyesha mistari miwili ikitembea kwenye kioo, wa nje juu, wa ndani chini. Msichana wa Sangailu alifungua daftari lake na kumwonyesha mwenyekiti ukurasa wenye namba zilizopigwa mstari, akamweleza kwa Kisomali na kisha kwa Kiswahili kwamba hizi zilikuwa za uongo, na jinsi walivyojua.

"Nani aliwaambia ni za uongo?" mwenyekiti aliuliza.

"Kidole," alisema.

Wenzake wakaficha vicheko. Mwenyekiti hakucheka. Alikwenda kwenye bilauri akatia kidole chake, akangoja kidogo, akakifuta kwa leso. Kisha akavuta kiti, akakipeleka mbele ya dirisha lenye gunia, akaketi. Alivua kofia. Mwalimu mkuu hakujua kama aendelee kusimama.

Nilimtazama karani. Alikuwa amesimama katikati ya chumba, stensili zikiwa bado mikononi, uso ameuelekeza kwenye upepo. Ofisi yake ilikuwa na dirisha moja lililotazama magharibi, na bati lisilo na dari. Aliangalia kioo, akasoma namba. Akaangalia gunia. Edo alikuwa akilimwagia maji kwa kopo kutoka nje, taratibu, kuanzia juu.

"Madam," karani alimwambia mwalimu mkuu, "mashine hii ikija kwangu itakufa kabla ya chai ya saa nne. Kule ni tanuri."

Mwalimu mkuu alimwuliza sasa anataka nini.

"Nataka meza." Alinigeukia. "Abti, una nafasi ya meza moja hapa? Karibu na hilo dirisha. Asubuhi iwe yako na watoto, alasiri yangu. Na usiniletee jaribio la kunuka."

Mwenyekiti, bila kugeuza kichwa, alisema kwamba hiyo inatosha, mashine ibaki ilipo.

Tuliihamisha meza yake Jumatatu iliyofuata, mimi, edo na wasichana wanne. Karani alichapa mitihani ya mwisho wa mwaka akiwa maabarani, na kila nusu saa alitangaza joto kwa sauti bila mtu kumwuliza. Jedwali la vipimo kumi na vinne lilibandikwa ubavuni mwa mashine. Chini yake edo alitaka liongezwe jambo moja, nami nikaliandika kwa herufi kubwa kama alivyolisema: maji kwa dirisha, si kwa mashine.